Tezi ya Saba

Tumbo la Hatakeyama limeletwa kwenye trei ya chuma,
limepasuliwa, limewambwa kwa pini,
mafuta yake pembeni, ya manjano kama ya kuku wa kienyeji.
Daktari Nishikata ameshayagawa kwa vituo:
namba moja, namba tatu, namba saba,
namba nane kando ya mshipa uendao ini.
Vituo, ndivyo tunavyoviita,
kana kwamba ugonjwa hukata tiketi.

Nje, Akita, theluji imefika kwenye vioo vya chini.
Nachambua kama mtu achambuaye mchele gizani,
kwa ncha za vidole.
Mafuta yanateleza.
Tezi ya ukubwa wa dengu. Ya choroko.
Moja kama kunde, ngumu;
hiyo sikuhitaji hadubini kuijua.

Nilitoa thelathini na nane.
Hadubini ikasema: sita zimeingiwa.
Sita ni jambo moja. Saba ni ukurasa mwingine wa kitabu,
ule wenye mstari uteremkao upesi,
watu mia mwanzoni mwake,
na miaka mitano mbele hawafiki nusu.

Ningeweza kuvua glavu.
Tezi isiyoonekana haiandikwi,
ila haiachi kuwepo.
Nikarudisha mkono kwenye mafuta ya namba saba.
Hiyo hapo. Ndogo kuliko ufuta.
Kesho yake, chini ya lenzi,
seli zilikuwa zimejipanga ukingoni, kimya,
kama wageni waliovua viatu mlangoni
wasio na nia ya kuondoka.

Sikumwambia mtu kuwa namjua.
Kila Novemba hunifungia matairi ya theluji,
kila Aprili huyatoa,
na risiti huiandika kwa penseli
ili akikosea asiharibu karatasi.

Aprili nikapeleka gari.
Mwanawe ndiye aliyeshika jeki.
Mzee ameketi juu ya tairi, koti limemzidi mabega,
anamega tonge la wali, anatafuna mpaka liwe maji,
anapumzika, anamega tena.
Bakuli la bati miguuni, nati mkononi.
"Lazima nizihesabu," akasema. "Barabara haisamehi."

Moja. Mbili.
Nikahesabu naye moyoni hadi sita,
nikasita.
Yeye alikuwa ameshafika nane,
nati zikigonga bati, tisa, kumi,
na magurudumu mawili bado.