Kuća, Sinza Kumekucha

Mwalimu Vesna anasema ni saa sita,
na dirishani kwake jua bado limekalia mapaa.
Saa sita yangu ni usiku wa manane.
Huku ni saa moja, Mama Shukrani anafunika karai la mihogo,
nami nimekalia ndoo iliyopinduliwa, mlangoni pa jiko,
maana ni hapo tu mtandao hushika.

Alama tano. Ndizo zilizoniketisha kwenye ndoo.
Shule ya Zadar imeandika: lete alama tano za lugha
tukupokee kidato cha tatu; usipozileta
utarudi nyuma miaka miwili, ukae na watoto.
Mama akauza cherehani ya pili.
Mimi nikafungua daftari.

Nomino zao zina hali saba, kila jina hubadili mkia.
Nikacheka. Mimi niliyekulia katika ngeli
nitishwe na mikia? Sisi tunabadili vichwa!
Kufikia hali ya nne kicheko kilikuwa kimekwisha.

Kinachonichosha si maneno mageni.
Ni yale ninayoyajua.
Voda ni maji, na Voda ndiyo iliyonilia bando asubuhi.
Ruka, wanasema, ni mkono.
Zima ni majira ya baridi: nikalitungia sentensi, umeme ukakatika,
nikabaki gizani nikiwaza, hawa watu wameona mbali.
Kuća ni nyumba. Litamke kama kucha, kama usiku kucha,
kama mtaa wetu wenyewe, Kumekucha,
ambao kumbe miaka yote umebeba nyumba tumboni
na hakuna aliyetuambia.

Binamu yangu Hairati hucheka mpaka analala sakafuni:
"Bibi yako anaitwa Baba Luce? Bibi, baba?"
Ndiyo. Kwao baba ni bibi.
Na baba ni tata.
Hapo sicheki.

Kwetu tata ni fundo, uzi uliojisokota
usiouona ulikoanzia.
Tata wangu, Ante fundi injini,
alinisemesha Kiswahili cha gereji ya Buguruni
pamoja na matusi yake yote.
Lugha ya kwao aliihifadhi kama suti ya harusi,
ndani ya nailoni, juu ya kabati,
ati siku moja tutaishusha.
Sasa amelala Kinondoni, na suti anaishusha mgeni,
kwa malipo, kila Jumanne na Alhamisi.

Juzi ulikuwa mtihani wa kuzungumza.
"Nieleze familia yako."
Nikaanza vizuri: moja mama, moja kuća
(moja kwao ni "yangu", hesabu niliyoipenda mara moja).
Nikafika moj tata.
Wakati uliopita nilikuwa nimeukariri wiki nzima,
nikiosha vyombo, nikipanga foleni ya maji.
Nikasema je. Ni.
Baba yangu ni fundi.
Mwalimu anajua; nilimwandikia tangu mwanzo.
Akainamia karatasi yake, kalamu hewani,
akasema, endelea.

Nimepata nne na nusu.
Sijui kama ile nusu ilikatiwa hapo.
Nitaifuata Juni.

Leo usiku Baba Luce alipiga simu.
Huongea mbio, kama mtu anayemwaga choroko kwenye ungo,
nami kwa kawaida hujibu da, da, nikimtazama Mama.
Leo nikadaka mbili: pada kiša.
Mvua inanyesha.
Na bati letu nalo lilikuwa limeanza, ile masika ya kelele
inayomkimbiza Mama Shukrani na karai kichwani.
Nikasema, i ovdje. Hata hapa.

Kimya. Nikasikia kiti kikivutwa,
mtu akikaa.
Kiša, akarudia, polepole, kama anayenilisha.
Kisha, nikajibu,
nikasubiri linalofuata.