Daftari la Fundi Korotumu

Siriki Konate, ngoma: kifua inchi thelathini na sita.
Lasina Baro, gita: thelathini na nne, bega la kushoto limeshuka.
Dofini Sanu, balafoni: mikono mirefu kuliko koti lolote.
Maryetu Dao, sauti: amekataa kupimwa mbele ya wanaume.

Ndivyo walivyoingia daftarini mwangu,
Bobo-Diulaso, mwaka wa mvua haba,
na deni la mita kumi na tisa za kitambaa cha buluu
ambalo mpaka leo sijalifuta.

Walijiita Sababu.
Kwa Kijula, sababu ni yule ambaye heri yako
ilipitia mkononi mwake.
Wakasema yao imepitia kwangu.
Nikawaambia heri hailipi bili ya umeme.

Mazoezi yalikuwa uani, nyuma ya cherehani.
Balafoni ile ina sauti tano, gita lina saba,
na hizo mbili za ziada ziligombanisha watu miezi minane.
Lasina akaja na kisu: tuchonge mbao zifuate gita.
Dofini akaikalia balafoni ya babake.
Nichonge mimi kwanza, akasema.

Mwishowe gita ndilo lililolegezwa nyuzi.
Siku zilipokutana, mguu wangu ulisahau pedali,
kisha ukakumbuka kwa kasi,
mshono wa koti la Siriki ukaenda kombo.
Sikuufumua. Alilivaa miaka kumi.

Harusi za Banfora. Baa za Wagadugu.
Mwaka wa Abijani nilifumua viuno vyote nikavipanua:
watu walikuwa wanakula.

Kisha Ubelgiji, mji wa Lieji,
studio yenye mazulia hadi ukutani.
Fundi mitambo, kijana mpole, akauliza
hicho kinachovuma ni nini.
Chini ya kila ubao kuna kibuyu,
kwenye kibuyu kuna tundu,
na juu ya tundu utando wa mayai ya buibui,
ili ubao usiseme peke yake.
Kijana alidhani ni ubovu. Akaomba utolewe.
Mezani palikuwa na mkataba, nje palikuwa na barafu.
Dofini akautoa kwa kucha,
kibuyu baada ya kibuyu.

Santuri hiyo ndiyo iliyowaezekea nyumba.
Mama yake Dofini aliisikiliza redioni hadi mwisho,
akanyamaza, akauliza:
Huyo mwingine mmemwacha wapi?

Aliyebaki kweli alikuwa Siriki. Anaendesha tramu.
Maryetu ana duka la saruji Wagadugu
na ukitaja nyimbo anakuuliza unataka mifuko mingapi.
Lasina alirudi na figo mbovu.
Namba zake zinateremka ukurasa kwa ukurasa,
thelathini na nne, thelathini na moja, ishirini na nane,
na ukurasa wa mwisho hauna namba,
kwa kuwa sanda haiulizi kifua.

Mwezi uliopita msichana alishuka kwenye teksi
na koti la buluu ndani ya mfuko wa plastiki.
Kijula chake kinachechemea, macho ni ya Siriki.
Alitaka lipunguzwe limkae.
Nikapunguza mabega, nikapunguza mikono.
Akaonyesha mshono wa kombo: na huu?
Nikajifanya sikusikia. Uzee una faida zake.

Wateja wanalalamika: Korotumu, mbona kona ile hufagii?
Waje Alhamisi waone.
Dofini anafika na kiberiti kitupu,
anapanda juu ya meza yangu ya kukatia nguo,
miaka sabini na mitatu, magoti yanalia,
anabandua utando mmoja mmoja
kana kwamba anamvua mtoto shati bila kumwamsha.
Hatuzungumzi habari za Lieji.
Mimi nashika kiti.
Yeye anahesabu vibuyu kwa sauti ya chini:
kumi na saba bado.