Inchi Mbili

Mara ya tatu hii napunguza dera lako, Shufaa:
kiuno, kwapa, tena kiuno.
Langoni nzima wakusifu. Umerudi mwari, wasema.
Mimi nina pini mdomoni, sisemi.

Sindano yangu hushona. Yako, ya kila Ijumaa,
ilalayo frijini ubavuni mwa chupa ya ukwaju,
hiyo yafumua nini?

Ilianza na hamu ya kula; hiyo tuliitaka iende.
Ikafuata hamu ya vileja vya Idi, hamu ya umbea,
hamu ya kumcheka Lali akiibiwa kwenye karata.
Jana ukaniambia, kama mtu atajaye bei ya chumvi:
"Nikiamka naona si lazima."
Si lazima nini?
Sikuuliza. Niliangusha mkasi.

Kesho hospitali twenda wote. Utamwambia daktari
hilo hilo, kwa maneno hayo hayo,
usianze na habari ya kilo.
Mimi nitakaa karibu, nimekushikia mkoba.

Dera liko tayari. Lijaribu.
Ndani ya mshono, huku na huku,
nimekunja inchi mbili za kitambaa.
Sikuzikata.