Sikio

Nililiokota Luchelele, nikichimba udongo
pale magugumaji yanapooza na kunuka kama chumba cha mgonjwa:
sikio, rangi ya waridi, kubwa kuliko kiganja changu,
ndani plasta tupu, rangi inabanduka kama magamba.
Mwaka mzima ziwani, halikuyeyuka.

Nikalifunga kwenye kanga, nikaenda nalo mjini,
mtaa wa Rufiji, duka la vifaa vya ujenzi,
kwa Bi Bhanumati anayeuza misumari kwa mizani
na kuwagombeza mafundi kwa Kisukuma safi kuliko changu.
Akaliangalia. Akavua miwani. Akaliangalia tena.
"La Ganesha wetu," akasema. "Tulimwagiza mbali,
alikuja kwenye boksi kubwa kama la friji.
Tulimsindikiza majini kwa ngoma, tukamwambia nenda salama.
Kumbe hakwenda."

Wanasema sikio la kufa halisikii dawa.
Hili lilikuwa limekufa, na bado lilitusikiliza:
mimi nikiuliza sato huko chini wanakula nini,
yeye akinyamaza mpaka mteja wa saruji akachoka, akaondoka.

Kisha: "Nyamizi, wewe si unafinyanga?"

Nafinyanga. Vyungu, mitungi, vyetezo vya kufukizia.
Mungu wa mtu, sijawahi.
Jumapili mimi nipo kwaya, sauti ya pili.
Usiku ule nililala naye kichwani, sikupata usingizi.
Alfajiri nikaushika udongo, ukakubali mkono kama kawaida,
haukuniuliza unakwenda nyumba ya nani.

Nilianza na tumbo, maana tumbo nalijua:
ni chungu kilichoshiba.
Mkonga ni ile kamba ninayozungushia mdomo wa mtungi.
Panya wake, pale miguuni, alinitesa siku mbili.
Masikio nikampa ya tembo ninaowajua mimi,
wale niliowaona mara moja, basi likienda Musoma,
mapana kama ungo.

Bi Bhanumati alicheka mpaka akashika kaunta.
"Tembo wa kwetu India ana masikio madogo!"
"Basi huyu ni wa Mwanza," nikamwambia.
Akafuta machozi. "Na mimi pia," akasema. "Acha hivyo hivyo."

Hatukumpaka rangi ya dukani, japo duka ni lake.
Binzari kwenye nguo, mkaa kwenye macho.
Na sikumchoma. Hilo ndilo lilikuwa sharti.
Miaka ishirini na sita nawafundisha vyombo kukataa maji;
huyu nilimwandaa ayakubali.
Mfinyanzi hulia gae, nami leo nalipwa
ili kazi yangu isiache hata gae.

Siku ya kuagana, uani, nyuma ya mabati,
wakateremsha karai jipya la zege, bei bado imebandikwa.
Ndoo tatu za maji ya ziwa. Kafuri. Sahani ya ladu.
Hetal, mjukuu, akanuna: "Mbona mwaka huu hatumpeleki ziwani?"
Bibi yake akachovya kidole, akamgusa paji la uso.
"Ziwa limekuja lenyewe."

Masikio yalitangulia.
Sikutaka kutazama, nikatazama.
Mkonga ukalala, bega likashuka taratibu
kama mtu aliyetua mzigo.
Tumbo lilibishana mpaka jua likahama ukuta,
halafu likaachia, pwaa,
na Hetal, aliyekuwa amenuna, akapiga makofi.

Nilikabidhiwa tope kwenye ndoo. "Wabeja, Nyamizi.
Rudisha ulikotoa."
Nimerudisha. Si lote.
Konzi moja ipo ndani ya mtungi ninaoukanda leo,
na atakayeununua sitamwambia,
ingawa nadhani maji yake yatakuwa baridi.

Lile la waridi lipo juu ya kaunta, mtaa wa Rufiji.
Linahifadhi misumari ya nusu inchi.
Watoto wa mafundi huinama, wakanong'ona ndani yake,
na Bi Bhanumati hawafukuzi.
"Semeni," huwaambia, "huyo bado yupo sana."