Safu ya Nane

Fomu ina safu kumi na mbili.
Safu ya nane: hasara kwa siku, kwa shilingi,
na chini yake, kwa herufi ndogo kama dagaa mchele:
ambatisha risiti.

Nilivuka kwenda Kigamboni na kalamu tatu,
siku ya tisa tangu mafuta yamwagike.
Harufu ilinipokea kabla ya mwenyekiti wa mtaa,
harufu ya gereji, ya uvunguni mwa lori,
imeingia hadi kwenye mashuka ya nyumba za wageni.
Mchanga wa Mjimwema ulining'ang'ania soli
kama mdai.

Asumini Pazi, mkaanga samaki:
"Andika makarai mawili, kuni za elfu nne,
mafuta lita tano, haya yangu ya kula,
si yale yenu ya baharini.
Andika na mtoto wa kidato cha pili
aliyerudishwa nyumbani jana."
Nikauliza, mtoto ni shilingi ngapi?
Akanikagua macho
kama anavyomkagua samaki wa juzi.

Chande Mtulia anauza barafu.
Barafu yake haikuguswa na tone.
Iliyeyuka tu, ikisubiri samaki,
maji yakapita mlangoni kwa jirani, jirani akamtukana.
"Sasa hiyo hasara ni ya mafuta," akaniuliza, "au ya jua?"
Fomu haina safu ya jua.

Mwamtoro hufukua kombe maji yakitoka.
"Unauza kiasi gani?"
"Siuzi. Tunakula."
Mwongozo ukurasa wa sita: asiyeuza, hajapoteza.
Nikaandika sifuri.
Ilikuwa sifuri mbaya, imebonyea upande,
na yeye, asiyejua kusoma, aliitazama muda mrefu
akasema, "Hilo nalijua. Hilo ni sufuria."

Nikarudi ng'ambo, soko la Feri.
Meza za wapara samaki zilikuwa kavu, paka wamehama.
Vijana kumi na mmoja wanacheza bao la vizibo vya soda.
Nikaomba risiti.
Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini.
Zamoyoni akabandua gamba kutoka ukutani,
gamba la changu, la kabla ya balaa,
akalilamba, akalibandika kwenye safu ya nane.
"Haya. Mhuri huo."

Wataalamu walisema samaki wa Mafia ni safi, wa Kilwa ni safi.
Wamepimwa, wana karatasi.
Lakini Tandika mtu anafunua jani la mgomba, anauliza,
"Huyu wa wapi?"
akishauliza, ameshaondoka.
Na banda la kuku la pale kona
limepakwa rangi mpya.
Hilo nalo niliweke wapi?

Usiku, Mbagala, Tausi akapakua maharage.
Jana maharage. Juzi maharage, yai juu yake.
"Samaki je?" nikasema.
"Umezinusa nguo zako?"
Nikahesabu kimyakimya kwa vidole chini ya meza:
kila Ijumaa changu mmoja, elfu sita,
kuparwa mia tano, kukaangwa mia tano,
ndimu, na ile barafu aliyolalia.
Ijumaa mbili sasa.
Nikachukua fomu tupu, namba mia mbili na kumi na nne.
Jina: langu.
Kazi: mtathmini.
Hasara kwa siku:
nikaandika niliyowasababishia wengine,
kisha nikaikunja, maana mwongozo hauruhusu.

Ofisini wanataka jumla kabla ya saa sita.
Bosi akainua fomu ya Feri, "Hii ina uchafu,
mashine itakataa kuisoma,"
akakwangua kwa ukucha.
Gamba likaruka, sikuona lilikoangukia.
Jumla ikatoka, tarakimu tisa, imenyooka.

Ila kwenye safu ya nane pamebaki duara,
dogo kuliko sarafu ya hamsini.
Ukiinamisha karatasi dirishani
linawaka kidogo,
halafu linazima.