Ijumaa, Kaloleni

Usiende pale mjini penye picha ya sahani ukutani.
Niliagiza biriani, nikaletewa wali wa manjano
na paja la kuku juu yake, limechoka
kama mtu aliyeachwa na basi la usiku.
Nikalipa. Ulimi ulibaki na rangi hadi magharibi.

Kondele nako nimefika.
Wanapika pilau, pilau ya haki, Mungu awazidishie,
ila wanaiita biriani kwa sababu ya bei.
Pilau haina kosa.
Kosa ni kuitwa kwa jina la mwenziwe.

Sasa sikiliza, Wasonga, wewe mgeni wa ofisi yetu:
ngoja Ijumaa.
Teremka Kaloleni, upite msikiti,
umpite fundi cherehani, yule asiyemaliza suruali ya mtu.
Kibao usitafute, hakipo. Tafuta pikipiki.
Ukiona kumi na mbili zimesimama bega kwa bega
na hakuna dereva hata mmoja anayeita abiria,
umefika.

Ni ua wa nyumba tu. Bi Hadhara Farajala
atakutazama mikono kabla ya uso. Nawa.
Wali unakuja peke yake, mweupe,
zafarani imedondoshwa hapa na pale
kama mvua iliyoghairi.
Mbuzi yumo kwenye rojo lake, zito, la hudhurungi,
la vitunguu alivyoanza kukaanga jana
majirani wakitazama taarifa ya habari.
Nilimwuliza siri.
"Siri gani? Vitunguu kilo nne, na kutopokea simu."

Mwaka jana alimzika mumewe Jumatano.
Ijumaa nikapita, miguu ikinipeleka kwa mazoea.
Pikipiki zilikuwepo, zote.
Moshi haukuwepo.
Vijana wamekaa mkekani, kofia zao ngumu mapajani,
mmoja anamtengenezea bomba la maji,
na hakuna aliyetaja chakula.

Saa nane kila kitu kimekwisha, usimnung'unikie.
Mimi huchelewa makusudi.
Hufika saa nane na robo, sufuria imelazwa ubavu,
naye anaukwangua ukoko kwa kijiko cha bati,
krr, krr, bila kuinua macho:
"Na wewe kila siku unachelewa."
Kila siku, Bi Hadhara.
Ukoko hauna bei.
Hilo, Wasonga, usimwambie mtu.