Sifuri, Sifuri, Mbili

Kabla minada haijaanza, ghala letu la Newala ni tupu,
harufu ya magunia ya mwaka jana tu
na sakafu ya saruji iliyosuguliwa na miguu ya wapagazi.
Mie ni karani wa mizani. Funguo ninazo.

Tulichora mistari kwa unga wa muhogo.
Asubuhi kuku wa Bwana Chinduli walikuwa wameshaula
mstari wote wa nyuma na kona moja.
Tukachora tena, kwa chokaa.

Vibao alituchongea fundi Nandonde,
plaiwudi ya dari iliyobaki msikitini,
mpini umezungushiwa tyubu ya baiskeli.
Changu kizito upande mmoja. Nimekizoea
kama nilivyolizoea goti langu la kushoto.

Mipira ya pikoboli tulikuwa nayo mitatu,
ya njano, matundu arobaini kila mmoja, nimeyahesabu.
Wa kwanza upepo uliuchukua kuelekea Shimo la Mungu;
Somoe akasema, basi, huo umeshapokelewa.
Wa pili ulipasuka, tukauziba kwa kisu cha moto.
Ukidunda unakohoa.

Mwalimu Hokororo, aliyeujulia mchezo huu semina Dodoma,
ndiye aliyetusomea sheria:
hapa mbele ya wavu, futi saba, panaitwa jikoni.
Mpira ukiwa hewani, marufuku kuupiga ukiwa humo.
"Mama Nasma, toka jikoni! Toka jikoni!"
Somoe alicheka mpaka akakaa chini.
Miaka thelathini na moja ya ndoa,
ndiyo kwanza mwanamume ananifokea nitoke jikoni.
"Sasa nitaingia lini?"
"Mpaka udunde kwanza."

Bonanza ni Mtwara mjini, Jumamosi ya pili ya Oktoba,
kiingilio elfu kumi kwa jozi.
Saa kumi na mbili alfajiri, ukungu umelala mlangoni,
Somoe anakuja na mafuta ya vitumbua viganjani,
kibao kinamponyoka. Anajipaka majivu.
Tunaanza.

Kisha korosho zikaanza kuingia.
Gunia la kwanza Jumatatu, nililipima mwenyewe.
Jumatano yamefika mstari wa nyuma.
Ijumaa tumebakiwa na wavu, na jiko, na hatua mbili.
Huwezi kupiga kwa nguvu mbele ya jasho la watu
lililopangwa hadi darini.
Unapiga kidogo, kama unayeongeza chumvi
kwenye mchuzi wa mwenzio.
Tok. Tok. Tok.
Nasi tumesimama nyuma ya mstari kama wakwe.

Mtwara, jua, upepo wa chumvi,
wasichana wawili wa benki, raba nyeupe, vibao vya dukani.
Refa akaita: sifuri, sifuri, mbili.
Uwanja ulikuwa mrefu! Nilikuwa nimesahau.
Wakatupigia huko nyuma, pembeni,
kote ambako kwetu yalilala magunia.
Saba bila.

Ndipo Somoe akauweka mmoja, mdogo, jikoni kwao.
Wakauleta. Nikaurudisha, mdogo.
Wakauleta.
Nilihesabu ishirini na tatu, hakuna aliyenyanyua bega,
watazamaji wamenyamaza, hata muuza ubuyu,
mpaka yule mrefu akachoka kusubiri,
akaubamiza, ukaenda kulala wavuni.
Saba tatu. Saba sita. Tisa nane.

Tulifungwa kumi na moja kwa tisa.
Mie karani. Sipunguzi kilo.

Usiku, nyumbani, wali unachemka,
mvuke unakirusharusha kifuniko.
Baba Nasma ananikuta kizingitini,
goti limekunjwa, mwiko kifuani,
vidole vya miguu nyuma kidogo ya mstari.
"Huingii?"
"Mpaka kidunde," nikasema.